Kugeuzwa mboji ukifa: wanafanyaje, na mazingira yanapata nini hasa

Desemba 2020, kwenye jengo moja la mji wa Kent, kusini kidogo mwa Seattle kule Marekani, kampuni inaitwa Recompose ilianza kupokea maiti, na haikuwa inazizika wala kuzichoma, ilikuwa inazigeuza udongo. Ukimwambia mtu hivi mara ya kwanza anashtuka, ati binadamu anafanywa mbolea kama maganda ya ndizi? Alafu stori zinazozunguka zinaongeza chumvi, huyu anasema maiti inasagwa ikiwa mbichi, yule anasema udongo wake unauzwa sokoni watu wanapandia sukuma. Hayo yote porojo, na ukweli wenyewe unavutia zaidi, kwa hiyo ngoja tuifungue hii kitu taratibu.

Aliyeanzisha anaitwa Katrina Spade. Alikuwa anasomea usanifu majengo chuo kikuu cha Massachusetts, akaanza kujiuliza siku akifa atafanywa nini, akaona kwao machaguo ni mawili tu, sanduku chini ya ardhi au tanuru la gesi, na yote hayakumpendeza. Ndo akaja kusikia kwamba wafugaji kule kwao ng'ombe akifa hawachimbi shimo, wanamfunika mzima mzima kwa vibanzi vya mbao na baada ya miezi kadhaa kinachobaki ni udongo na mifupa mikubwa. Sasa kama ng'ombe wa nusu tani anaisha hivo, binadamu wa kilo 70 atashindikana vipi? 2014 akaanzisha shirika lisilo la faida, akampata Lynne Carpenter-Boggs, mtaalamu wa udongo chuo kikuu cha Washington State, na 2018 wakafanya jaribio la miili 6 ya watu waliojitolea wenyewe kabla hawajafa. Ikafanya kazi. Seneta wa jimbo la Washington Jamie Pedersen akapeleka mswada, gavana Jay Inslee akausaini tarehe 21 Mei 2019, na sheria ikaanza kutumika 1 Mei 2020. Washington ikawa jimbo la kwanza Marekani kuruhusu jambo hili.

Haya, inafanyikaje?

Kama umewahi kutengeneza biwi la mboji shambani nusu ya kazi unaijua tayari. Unapanga tabaka, kavu na mbichi, mabua alafu majani alafu samadi, unanyunyiza maji, na unachomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache unaichomoa na kuishika, ikiwa ya moto biwi linafanya kazi, ikiwa baridi kuna kitu umekosea, labda maji yamezidi au hewa haipiti. Hilo joto halitoki kwenye jua. Linatoka kwa bakteria wanaokula, na bakteria hao wanataka vitu vinne tu, kaboni, naitrojeni, maji na oksijeni, kwa vipimo vinavyoelewana.

Mwili wa mtu una maji mengi na protini nyingi, yaani una naitrojeni ya kumwaga lakini kaboni haitoshi kwa hao bakteria. Ndo maana maiti inalazwa ndani ya tangi la chuma lenye urefu wa mita 2 na kitu, juu ya kitanda cha vibanzi vya mbao, mabua na alfalfa, yale majani wanayolishwa ng'ombe wa maziwa, alafu inafunikwa na mchanganyiko huohuo. Mbao zinaleta kaboni na zinaacha nafasi za hewa kupita. Tangi linafungwa, hewa inapulizwa ndani, mara kwa mara linazungushwa ili kusiwe na sehemu iliyokauka na nyingine iliyoloa. Hakuna moto unaowashwa, hakuna dawa inayomwagwa, na wala hawaleti wadudu kutoka nje, bakteria wanaofanya kazi wanatoka kwenye hayo majani na kwenye mwili wenyewe, tunatembea nao kila siku.

Joto linapanda lenyewe. Sheria inataka lizidi nyuzi 55 za sentigredi kwa saa 72 mfululizo, na hicho kipimo hakikutolewa hewani, ndicho kinachoua vimelea vingi vya magonjwa. Ndani ya tangi huwa linafika hata 60 na kitu. Harufu je? Hapa watu hawaamini, lakini uvundo mbaya tunaoujua unatoka kwa bakteria wanaofanya kazi pasipo hewa, na hewa ikiwepo ya kutosha wale hawapati nafasi, tena hewa inayotoka kwenye matangi inachujwa kabla ya kutoka nje.

Inachukua wiki 5 hadi 7 ndani ya tangi, inategemea kampuni, alafu wiki kadhaa nyingine nje ya tangi huo udongo ukipoa na kukauka. Kwa jumla hesabu miezi 2 mpaka 3. Nyama na viungo laini vinaisha vyote, mifupa inabaki imelainika, inasagwa kwa mashine na kurudishwa kwenye udongo uleule ili madini yake yaendelee kuchanganyika. Na kabla hujakunja uso, jua kwamba kwenye uchomaji pia mifupa inasagwa! Yale tunayoyaita majivu ya marehemu si majivu kama ya jikoni, tanuru linaunguza kila kitu, kinachobaki ni vipande vya mifupa, na hivyo ndivyo vinavyosagwa ndo familia inapewa unga mweupe kwenye kopo. Wengi wanaoshtushwa na mashine ya mboji hawajui kuwa mashine ya namna hiyo iko kwenye karibu kila tanuru la kuchomea maiti Marekani na Ulaya.

Vyuma vya nyonga, skrubu za mguu, vinachambuliwa na kupelekwa kuyeyushwa upya. Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kinatolewa mwanzoni kabisa kwa sababu ya betri. Alafu udongo unapimwa maabara, wanaangalia madini yenye sumu kama risasi, zebaki, kadmiamu na aseniki, pamoja na bakteria wa kinyesi, ukipita ndo unatoka.

Si kila mtu anapokelewa. Aliyekufa kwa Ebola hapana. Aliyekufa kwa ugonjwa wa ubongo unaosababishwa na prioni hapana, manake prioni ni protini iliyojikunja vibaya na joto la mboji haliiwezi. Kifua kikuu nacho wanakikataa. Na maiti iliyodungwa fomalini haifai, kwa sababu ya wazi kabisa, fomalini kazi yake ni kuzuia bakteria wasile, sasa utamwita mgeni mezani huku umeshatia sumu kwenye chakula?

Kinachotoka ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja anatoa kama robo tatu ya mita moja ya ujazo, ni kama kujaza pikapu nyuma, sababu vile vibanzi na mabua navyo vimegeuka udongo. Mtu anayeishi fleti ghorofa ya 9 Seattle ataupeleka wapi? Ndo maana familia nyingi zinachukua kidogo kwenye boksi, wanaweka kwenye maua au chini ya mti, na uliobaki wanautoa kwa msitu. Recompose walianza na msitu wa hifadhi wa Bells Mountain kusini mwa jimbo la Washington, eneo la ekari 700 ambalo lilikuwa limechoka kwa ukataji miti wa zamani. Na ile stori ya sukuma, jimbo la Colorado waliporuhusu mwaka 2021 waliandika kabisa kwenye sheria kwamba huo udongo hauuzwi na haulimiwi chakula cha watu, na maiti mbili hazichanganywi pasipo ridhaa.

Sasa tuje kwenye mazingira, na hapa ndo inabidi tuwe makini kidogo maana kila mwenye biashara anavutia kwake.

Maziko ya kawaida ya Kimarekani ukiyaangalia kwa karibu ni kama mradi wa ujenzi. Maiti inatolewa damu na kujazwa dawa yenye formaldehide, kemikali ambayo shirika la utafiti wa saratani la kimataifa limeiweka kundi la kwanza, yaani inajulikana kabisa kuwa inasababisha saratani, na wanaoumia zaidi ni wale wanaofanya kazi ya kuidunga kila siku. Alafu inawekwa kwenye jeneza la mbao ngumu iliyopakwa vanishi au la chuma. Alafu jeneza linashushwa ndani ya sanduku la zege, manake makaburi mengi kule yanadai hivyo ili ardhi isididimie na mashine ya kukata nyasi ipite vizuri. Na baada ya hapo zile nyasi zinamwagiliwa na kukatwa miaka na miaka. Mtu amezikwa ardhini lakini ardhi haimgusi kabisa.

Kuchoma kunaonekana kusafi, na Wamarekani zaidi ya 60 kwa kila 100 sasa hivi wanachomwa. Lakini tanuru linahitaji nyuzi 760 mpaka karibu 1,000 kwa saa moja na nusu hadi mbili na zaidi, na gesi inayoteketea ni nyingi, maiti moja inatoa hewa ya ukaa kama kilo 240 hivi. Na kama marehemu alikuwa na meno yaliyozibwa kwa ule mchanganyiko wa madini wa rangi ya fedha, zebaki iliyomo inapanda na moshi.

Mboji haina tanuru wala zege. Umeme unatumika kidogo kwa feni na kuzungusha matangi, mafuta kidogo ya gari. Recompose wanasema kila mtu anayechagua njia yao badala ya kuzikwa kawaida au kuchomwa anaokoa takriban tani 1 ya hewa ya ukaa. Mimi hiyo namba naichukua kwa tahadhari, ni ya kampuni yenyewe, na sehemu yake inatokana na kuhesabu kaboni iliyobaki kwenye udongo badala ya kupaa hewani, sasa hapo kuna mambo mengi ya kukadiria. Lakini mwelekeo wake unaeleweka hata bila hesabu kubwa. Ila pia tuiweke mahali pake, abiria mmoja akitoka Seattle kwenda Nairobi na kurudi kwa ndege anapita hiyo tani 1 kwa mbali sana. Yaani ndugu watatu wakipanda ndege kuja kwenye msiba, faida yote imeliwa angani.

Na hapa kuna jambo ambalo matangazo ya hizi kampuni hayaligusi. Tatizo wanalolitatua ni la maziko ya kwao, dawa, chuma na zege. Nenda Lamu au Tanga uone mtu anavyozikwa. Anaoshwa, anavishwa sanda ya pamba, anabebwa kwenye jeneza ambalo likifika makaburini linamshusha na kurudi msikitini kumsubiri mwingine, jeneza moja kwa mtaa mzima. Analazwa kwenye mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, viunza, zile mbao za kufunikia, vinawekwa juu, mchanga unarudishwa, na mara nyingi haijapita siku moja tangu afariki. Hakuna dawa, hakuna vanishi, zege hamna. Kwa mizani yoyote ya kaboni hayo maziko yanaikaribia mboji ya maelfu ya dola, na gharama yake ni sanda na jasho la majirani. Huko Marekani na Uingereza sasa kuna watu wanalipia kitu cha namna hiyo wanakiita maziko ya asili, na wanakiona kigeni!

Tofauti kubwa ya kisayansi ni hewa. Ukizikwa chini ya futi 6 oksijeni ni haba, bakteria wanaofanya kazi ni wale wa polepole, kwa hiyo inachukua miaka badala ya wiki na gesi inayotoka ni tofauti. Kaburi la kina kifupi kwenye udongo wa kichanga linaozesha haraka zaidi, jambo ambalo mchimba kaburi yeyote wa pwani atakwambia bila kwenda chuo.

Tunakoharibu sisi ni kwenye mambo mapya. Mwili kukaa mochwari wiki tatu unasubiri mchango ukamilike, fomalini, jeneza la vioo na vishikio vya dhahabu ya uongo, alafu kaburi linajengewa zege na marumaru mpaka linapendeza kuliko nyumba aliyokuwa anaishi marehemu. Makaburi ya Lang'ata Nairobi yalishatangazwa kujaa miaka mingi iliyopita na watu bado wanazikwa humo, na kaburi lenye zege huwezi kulitumia tena.

Kuna watu wakubwa huku kwetu waliolifikiria hili mapema. Profesa Wangari Maathai, aliyepigania miti maisha yake yote na kupata Nobel 2004, alikataa kabisa kuzikwa kwenye jeneza la mbao. Alipofariki Septemba 2011 jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, na akachomwa Kariokor, Nairobi. Watu wakalalamika sana kwa sababu ya kuchomwa, lile jeneza halikuwasumbua. Na Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyefariki 26 Desemba 2021, alichagua njia nyingine tofauti na mboji na tofauti na moto, mwili unawekwa kwenye tangi la maji moto yenye potasi kali na shinikizo, baada ya saa chache inabaki mifupa tu ambayo inakaushwa na kusagwa. Masalia yake yamewekwa kanisa la St George's, Cape Town. Njia hiyo ya maji Washington waliiruhusu kwenye sheria ileile ya 2019, ndo maana watu wanazichanganya.

Dini zinasemaje? Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa tamko Machi 2023 kupitia kamati yao ya mafundisho, wakasema mboji na njia ya maji zote hazitimizi heshima inayotakiwa kwa mwili, hoja yao kubwa ni kwamba mwishoni hakuna kitu unachoweza kukionyesha ukasema huu ndio mwili wa fulani tuulaze hapa. Kanisa hilohilo liliruhusu kuchoma mwaka 1963 baada ya kukataa kwa muda mrefu, kwa hiyo wapo wanaosema subirini. Kwa Waislamu mlango ni mwembamba zaidi, kuzika ardhini ni wajibu juu ya walio hai, na ipo hadithi inayosema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai, sasa ile hatua ya kusaga mifupa peke yake inamaliza mjadala. Wala sioni kwa nini Mwislamu wa pwani aihangaikie, alichonacho kinatosha.

Bei nayo inachagua watu. Mwaka 2023 Recompose walikuwa wanatoza dola 7,000. Maziko ya kawaida ya Marekani mwaka huohuo bei yake ya katikati ilikuwa dola 8,300, na hapo hujaweka sanduku la zege wala bei ya kaburi lenyewe, kwa hiyo mboji ilikuwa nafuu. Lakini kuchomwa moja kwa moja bila ibada kunapatikana hata chini ya dola 2,000, na maskini wengi ndiko wanakoenda, habari ya mazingira wanawaachia wenye nacho.

Majimbo yameongezeka haraka, Colorado na Oregon 2021, Vermont na California 2022, New York gavana alisaini mwishoni mwa mwaka huohuo, baadaye Nevada, Arizona, Maryland, Minnesota na mengine, sasa yamepita 10. California waliweka sheria yao ianze 2027 ili waandike kanuni kwanza. Ulaya bado ni wagumu, ila jimbo la Schleswig-Holstein kaskazini mwa Ujerumani majaribio yalianza 2022, wao wanaacha mwili siku 40 kwenye chombo.

Mwisho kuna suala la wenzetu walioko kule. Kent hiyohiyo ilikoanzia na miji jirani ina Wakenya, Wasomali na Wakongo wengi, na kwa wengi, hasa Wakenya, mtu akifa ni harambee ya kumrudisha nyumbani, jambo ambalo kwa kawaida linadai maiti idungwe dawa na jeneza lizibwe, yaani ni kinyume cha mboji kwa kila kitu. Na usidhani utabeba huo udongo kwenye begi ukazike Kakamega, majivu yanasafiri kwa karatasi chache lakini udongo ni kitu ambacho maafisa wa afya ya mimea wanakizuia mpakani, hawajali ni wa nani.

Alafu nani anaamua? Washington ukiandika unavyotaka mwili wako ufanywe, ukasaini mbele ya shahidi, maandishi yako yanashinda. Kenya tunayo kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka kumzika karibu na Ngong akisema ndivyo marehemu alivyotaka, ukoo wa Umira Kager ukasema anazikwa Nyalgunga, Siaya, na baada ya miezi 5 mahakamani ukoo ukashinda. Kwa hiyo kama uko Tacoma, jimbo la Washington, na hii kitu imekuingia moyoni, saini fomu, wape watoto nakala, alafu piga simu nyumbani uwaambie wazee wewe mwenyewe ukiwa hai, usimwachie mkeo akalieleze kwenye kikao cha matanga.